Funza wa Matete na Bafu la Mwenyekiti

Haya, naandika. Mmeniuliza kwenye simu, mmeniuliza kwenye arusi ya Rukia, na juzi Mama Nassoro akanisimamisha sokoni mikono yangu imejaa mizigo: ilikuwaje huko delta mpaka umerudi huna hamu ya kuongea na mtu? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Someni, halafu asiniulize mtu tena.

Kwa wale ambao mpaka leo mnadhani kazi yangu hapa Morogoro ni kupulizia mende dawa: mimi nafuga viwavi. Nawaweka kwenye makopo, nawalisha, nangoja wageuke nondo, kisha naangalia ni nondo gani. Ninaoshughulika nao zaidi ni nondo-bundi, wale wanene wenye manyoya shingoni, na hasa jenasi yao moja iitwayo Sesamia. Viwavi wao mnawajua hata kama jina hamlijui. Ni wale funza wa rangi ya waridi wanaoingia ndani ya bua la mpunga au la hindi na kulila kutokea ndani, ukishtuka suke limekuwa jeupe, halina kitu. Lakini jenasi hiyo ina ndugu wengi. Wapo wanaokula mazao, na wapo ambao maisha yao yote wanayamaliza kwenye matete na majani ya majini, mpunga hawaugusi. Tatizo ni kwamba wakiwa funza wanafanana mno. Mpaka watoke nondo ndipo unajua nani ni nani.

Sasa mama yangu mdogo, Bi Hadija, anaishi kwenye delta ya Rufiji, upande wa juu ambako maji ya chumvi hayafiki sana na watu wanalima mpunga. Tangu mumewe afariki anaishi kwa matete. Ana sehemu yake kando ya mto, anakata, anafunga mafungu, wavuvi wanachukua kutengenezea uzio wa kutegea samaki. Mwaka huu funza waliingia kwenye mpunga wa kijiji. Mtu mmoja akapasua tete la mama mdogo, akakuta funza wa rangi ileile. Kikao kikakaa, ikaamuliwa matete yote yachomwe moto baada ya swala ya Ijumaa. Mama mdogo alinipigia simu analia. Nikamwambia usilie, mwambie mwenyekiti angoje, nakuja kuyaangalia matete mwenyewe.

Nilitamka hivyohivyo: nakuja kuyaangalia matete. Laiti ningejua.

Ikwiriri, ambako sikuwa na safari nako

Nilimwambia konda nashuka Kibiti. Nilimwambia Mbagala, nikamwambia tena Mkuranga, na mara zote alinijibu, "Tulia dada, nitakushtua." Nikatulia. Makopo yangu yalikuwa mapajani, matupu, vifuniko vyote vimetobolewa vitundu vya hewa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa ufuta, anaitwa Bi Tatu, na Bi Tatu alikuwa anagombana na mkwe wake. Simaanishi kwamba mkwe alikuwamo garini, namaanisha kwamba alikuwa anamsema kwangu, tangu Mbagala, bila kupumzika. Kila nilipotaka kuchungulia dirishani alinishika mkono na kusema, "Sikiliza na hili."

Nilipochungulia mwishowe, naona daraja. Mto mkubwa, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Hata mtu asiyejua jiografia anajua kwamba ukiliona daraja la Rufiji, Kibiti umeipita zamani, na Ikwiriri nayo umeipita.

"Konda! Mimi si nilisema Kibiti?"

"Si ulikuwa unaongea na mama?" akanijibu. Eti mimi nilikuwa naongea.

Tulishushwa wote wawili ng'ambo, kwa maana Bi Tatu naye alikuwa mtu wa Ikwiriri na alijipitisha kwa midomo yake mwenyewe. Hakuona aibu hata kidogo. Alisimamisha lori la mpunga, akatupandisha, akanirudisha nyumbani kwake Ikwiriri na kunilisha wali wa nazi na samaki wa mtoni mpaka nikashindwa kuinama. Magari ya kurudi Kibiti jioni ile yalikuwa yamejaa au yamekwisha, kila mtu alisema lake. Nikalala kwake. Asubuhi nikiaga alinifungia andazi kwenye gazeti na kuniambia kwamba mkwe wake, kwa kweli, si mtu mbaya sana. Nilitamani kulia.

Mtawanya, kwenye mpunga usio na ugonjwa

Kwa nini nilipitia Mtawanya? Kwa sababu nilihitaji funza waliotoka kwenye mazao, ili nondo wao niwalinganishe na wale wa matete. Bila hao ningerudi na nusu ya jibu. Na pale Mtawanya kuna Bwana Shamte, shemeji yake mama mdogo, ambaye kwenye simu alilalamika dakika nyingi za vocha yangu kwamba funza wamemmaliza, shamba lote limekuwa jeupe, mwaka huu watakula mihogo.

Bodaboda alinitoa Kibiti mjini akanifikisha mpaka mlangoni. Bwana Shamte akanipokea kwa kanzu iliyopigwa pasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu. Shamba lipo, tutakwenda. Kwanza chai."

Baada ya chai ukaja muhogo. Baada ya muhogo akaja jirani kunisalimu. Jua limeshapanda ndipo tukaondoka kwenda shambani, na huko nikaoneshwa mpunga ambao sijawahi kuona mzuri kama ule. Umesimama, masuke yameinama, rangi ya dhahabu. Nilitembea kwenye tuta kutoka mwanzo mpaka mwisho natafuta suke jeupe moja tu. Sikulipata.

"Baba, funza wako wapi?"

"Funza!" akasema, kama nimemtajia mtu aliyefungwa jela. "Wapo, wapo. Lakini hebu uangalie mpunga kwanza."

Tulizunguka. Kila nilipouliza funza alinionesha mfereji aliouchimba mwenyewe. Mwisho mkewe, Bi Somoe, ambaye alikuwa nyuma yetu na ndoo, akashindwa kuvumilia.

"Mwambie mtoto wa watu ukweli," akasema. "Hili shamba si letu. Hili la kaka yake. Letu liko kule nyuma ya mikorosho, lina funza mpaka linatia huruma."

Bwana Shamte akakasirika kwelikweli. "Sasa mgeni ametoka Morogoro, nikampeleke kwenye uoza? Akirudi kwao akasema nini? Shamte kalima uchafu?"

Nilitaka kukaa naye kitako nimweleze kwamba nimesafiri njia yote hiyo kwa ajili ya uchafu, kwamba uchafu wake ndio almasi yangu. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa, na ni wazi hakuniamini. Alidhani namfariji. Bi Somoe ndiye aliyenishika mkono akanipeleka nyuma ya mikorosho, tukapasua mabua, nikapata funza wangu wanene wa waridi, nikawafungia na vipande vya bua wale njiani. Bwana Shamte alisimama mbali ametupa mgongo.

Nyamisati, kungoja maji

Nyamisati boti haiondoki kwa saa, inaondoka kwa maji. Hilo nilijua. Nisilolijua ni kwamba hata maji yakijaa, boti inaweza kungoja kitanda. Nahodha, Bwana Mbwana, alikuwa ameahidi kupeleka kitanda cha arusi, na kitanda kilikuwa bado kwa fundi kinapakwa rangi. Abiria tulikaa chini ya banda tunatazama maji yakija, yakisimama, yakianza kuondoka.

"Nahodha, maji yanaondoka," nikamwambia.

"Na kitanda kinakuja," akasema.

Nilikuwa nimeweka makopo kivulini na kila mara nafungua kuangalia kama funza wanapumua. Sikufikiri hilo linaonekanaje kwa mtu wa pembeni. Nikaona wenzangu wanasogea, mmoja huku, mmoja kule, mpaka nikabaki peke yangu na banda zima. Kisha dada mmoja wa makamo akaja taratibu, akachuchumaa, akaninong'oneza.

"Hao, wanamtuliza mwanamume?"

"Dada, mimi si mganga."

"Najua, hamsemi." Akanitazama kwa heshima kubwa. "Ni wa kula au wa kufukia mlangoni?"

Nilimweleza ni funza wa mpunga, nimewatoa Mtawanya, nataka kuona nondo wao. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini. Alipoona simpi hata mmoja alisonya na kwenda zake, na baadaye botini alinikalia mbali huku akinitazama kama mtu mwenye choyo.

Kitanda kilikuja, rangi bado mbichi. Tuliondoka maji yakiwa yamepungua, tukakwama kwenye tope kati ya mikoko, wanaume wakashuka wakasukuma, mbu wakatufanyia karamu. Nilifika kwa mama mdogo nina alama ya rangi ya kahawia kwenye gauni, upana wa mguu wa kitanda, nayo mpaka leo haijatoka.

Kwa mama mdogo, matete safi

Mama mdogo alinikumbatia hadi makopo yakagongana. Amekonda. Alininawisha, akaniwekea bada, ugali wa muhogo wa kwetu, na mchuzi wa kamba, na wakati nakula hakukaa chini, alikuwa anarukaruka kama mtoto mwenye siri.

"Kula haraka twende ukaone," akasema. "Utafurahi mwenyewe."

Nikaenda, nikaona, na roho ikanishuka mpaka kwenye visigino.

Sehemu yake yote ilikuwa imefagiliwa. Matete yaliyobaki yalisimama mabichi, manene, kila moja limenyooka. Majani makavu yameondolewa. Kando ya mto mafungu yamepangwa, yamekatwa ncha sawasawa. Nilichukua tete, nikapasua. Safi. Nikachukua lingine. Safi. Nikaingia katikati, nikapasua mpaka kisu kikanitia lengelenge. Hamna funza. Hamna hata tundu.

"Mama mdogo, wako wapi?"

"Nimewatoa!" Macho yanamng'aa. "Tangu uliposema unakuja kuyaangalia. Mie na Bi Mwajuma na binti zake. Tumegonga moja moja. Nikasema mtaalamu akija akute matete ya mama yake hayana ila. Mwenyekiti aone mwenyewe, azibe mdomo."

Mnajua wanavyoyachagua? Anashika tete, analigonga kwa ukucha wa kidole gumba. Likilia vizuri ni zima, linakwenda kwenye uzio wa samaki. Likilia zito lina funza ndani au lililiwa zamani, maji yataingia litaoza, kwa hiyo linatupwa upande. Miaka yote ndiyo kazi yake, hakosei. Aliketi palepale akaniigizia walivyochagua, kwa fahari. "Hili la uzio. Hili la uzio. Hili la bafuni. Hili la uzio." Kidole kinagonga, mkono unatupa.

Nikakaa kwenye fungu la matete nikashika kichwa. Ushahidi pekee ambao ungemwokoa, ameuchagua tete kwa tete na kuuondoa, kwa sababu anakuja mgeni. Nilimpandishia sauti. Nilimwambia mama, hao funza ndio waliokuwa mashahidi wako, mimi nisipokuwa nao sina la kumwambia mwenyekiti, kesho kutwa watachoma. Uso wake ulibadilika polepole.

"Sasa mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "ningekuachaje uje ukute matete ya mama yako yana wadudu?"

Nilikuwa na hasira na huruma pamoja, na mbu, na lengelenge. Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Ni yeye aliyeanza tena, wakati tunakula ugali, akaniuliza kama hasira zangu zimepoa, na mimi nikamwuliza, kwa ajili tu ya kusema kitu, hayo mabovu mmeyafanya nini, mmechoma?

"Yachomwe kwa nini? Si nimekwambia ni ya bafuni?"

"Bafuni kwa nani?"

"Kwa Mwenyekiti. Bafu lake lote la matete yangu. Lile la zamani mie, na upande mpya juzi mie. Mkewe si ndiye Bi Mwajuma? Mabovu anachukua yeye, kila mwaka."

Nilisimama na mkono una tonge.

Nyuma ya nyumba ya mwenyekiti

Mwenyekiti Ngwale, yule aliyeongoza kikao cha kuchoma, ana nyumba ya bati karibu na msikiti, na nyuma yake bafu la ua wa matete, kubwa, la heshima. Asubuhi tulifika mbio mimi na mama mdogo, na nikaenda moja kwa moja ukutani nikaanza kugonga kwa ukucha kama nilivyoona jana.

"Nani huyo?" ikatoka sauti ndani, pamoja na mlio wa maji.

Mama mdogo akajifunika uso kwa kanga. "Bi Mwajuma, ni sisi. Huyu mwanangu wa Morogoro."

"Mwanao wa Morogoro ananichungulia naoga?"

"Hapana mama, naangalia ukuta," nikasema, na najua jinsi ilivyosikika.

Tukangoja. Bi Mwajuma hakuharakisha. Nadhani alijimwagia na maji ya kesho. Alipotoka, kanga mbili na kilemba, Mwenyekiti naye alikuwa ametokea uani na kikombe cha chai, ananitazama nilivyopiga magoti kwenye matope ya bafu lake.

"Mtaalamu," akasema. "Delta yote hii, umekosa pa kufanyia utafiti?"

Nikamwomba kisu. Nikachomoa tete la upande mpya, nikapasua. Funza. Lingine, bundo, yaani funza aliyejifunga kungoja kuwa nondo, kahawia, anajipindapinda. Sijawahi kufurahi hivyo kwa jambo la bafuni. Mwenyekiti akainama, akaona, akanyooka.

"Umeona mwenyewe," akamwambia mama mdogo, bila ukali, kwa uchovu. "Hadija, mie si adui yako. Nusu ya mpunga wangu umekuwa makapi. Nina wajukuu ndani. Funza ni hawa, umewaleta mpaka kwangu."

Na hapo alikuwa na haki. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Mama mdogo alianza kulia kimyakimya, na mimi, niwaambie kweli, niliogopa. Mpaka dakika ile sikuwa najua hao funza ni wa ndugu yupi. Huenda ndio wenyewe. Huenda nilikuwa nimesafiri kote huko kwenda kumfunga mama yangu kamba.

Kisha nikatazama pembeni. Maji ya bafu lile yanatoka kwa mfereji mdogo, na kwenye mfereji Bi Mwajuma amepanda mahindi na miwa, kama wanavyofanya wengi, ili maji yasipotee bure. Mahindi yanagusa ukuta. Ukuta wa zamani ulikuwa umejaa vitundu vya duara, mahali nondo walipotokea wakaruka, wengi kupita maelezo. Nikaenda kwenye mahindi. Nikavunja bua la kwanza.

"We!" akapiga kelele Bi Mwajuma. "Mahindi yangu!"

Zima. La pili zima. Muwa, mzima. Nikamwita Mwenyekiti aje achague mwenyewe bua analotaka. Alichagua lililo karibu kabisa na ukuta, akalivunja kwa mikono, akalipasua, akalitazama kwa muda mrefu. Halikuwa na kitu.

"Mzee," nikamwambia, "kama hawa ni walaji wa mazao, wametoka kwenye ukuta huu miaka yote, na chakula kiko hapa mlangoni. Mbona hawajala?"

Alikunywa chai iliyokwisha poa.

"Hilo si jibu," akasema mwishowe.

"Si jibu. Jibu ni nondo. Nipe nafasi watoke."

"Na wale waliokula mpunga wangu, wametoka wapi?"

Nikamwambia ninavyodhani: kwenye mabua waliyoyaacha shambani baada ya mavuno ya mwaka jana. Hakulipenda hilo, lilimgusa yeye na wanakijiji wote. Lakini alisema sawa, Ijumaa hatuchomi, tungoje wadudu wa mtaalamu watoke. Wakitoka ukoo wa walaji mpunga, yeye mwenyewe ataleta kiberiti na mama mdogo asimlaumu mtu. Mama mdogo akaitikia kwa kichwa.

Niliondoka na nusu ya upande mpya wa ukuta. Bi Mwajuma alining'iniza mkeka kwenye pengo na kuniuliza mara tatu kama mtaalamu anajua yeye sasa ataoga wapi. Sikujua, na hakunisindikiza.

Kurudi

Sitaki kusema mengi ya kurudi. Boti ilikwama palepale. Kibiti stendi, nikiwa nimekaa na fungu la matete lililofungwa kanga, kila aliyepita aliniuliza kama nauza. Ndani ya basi konda alitaka yakae juu kwenye jua, mimi nikasema ndani, tukagombana mpaka Mkuranga, yeye anasema kuni hazipandi na abiria, mimi nasema si kuni. Alipotaka kujua basi ni nini, nikakosa nguvu ya kueleza, nikamwambia ni dawa. Akaniachia papo hapo na kiti cha pili pia. Nikajuta kutokuwa mganga tangu mwanzo.

Kumbe nilipofika nyumbani sisimizi walikuwa wameshaingia kwenye kopo moja la funza wa Mtawanya. Nilikaa sakafuni na brashi ya rangi nawafagia sisimizi, machozi yananitoka, na jirani yangu anagonga ukuta anauliza kama nimefiwa.

Lakini walibaki wa kutosha. Nilingoja. Kila asubuhi nafungua pazia naangalia makopo kabla hata ya kunawa uso. Baadhi ya funza wa matete niliwawekea vipande vya mpunga mbichi kuona kama watakula. Walizunguka, wakagusa, wakatoka, wakajikunja pembeni kama mgeni aliyeletewa chakula asichokijua. Nilipowarudishia tete waliingia ndani siku ileile.

Wakaanza kutoka nondo. Wa Mtawanya walikuwa wale ninaowajua, rangi ya majani makavu, walaji wa mpunga, hakuna shaka. Wa bafuni walitoka siku moja baada yao. Wanafanana nao ukiwatazama haraka, lakini niliwapima, nikawapasua nikawaangalia kwa hadubini, nikamwita mwenzangu ofisini naye aangalie bila kumwambia wametoka wapi. Ndugu, lakini si wao. Ni wa matete tu. Hawali kingine.

Niliruka chumbani peke yangu. Kisha nikampigia Mwenyekiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama nina hakika, nikamwambia ninayo. Nikasikia anamwambia mtu pembeni kwamba mwaka huu kila mtu ang'oe mabua yake shambani, mwanamume na mwanamke, na yeye ataanza. Akakata bila kuaga.

Ndipo nikampigia mama mdogo. Nilipiga kelele kwenye simu. Nilimwambia mama, umeshinda, matete yako hayana kosa, hawa nondo hawaujui mpunga wala mahindi, chakula chao duniani ni matete tu, basi.

Nikasikia anaweka ndoo chini.

"Matete tu?" akauliza.

"Tu."

"Kwa hiyo mpunga wa watu hawaugusi. Wala mahindi ya Mwajuma. Wamekuja duniani kula matete yangu mie."

"Eee, lakini mama..."

"Nawe ndo unashangilia," akasema mama mdogo, na akavuta pumzi ndefu. "Haya, ahsante mwanangu. Ngoja nikagonge matete."